Dagaa Niliowaacha Mchangani

Nakumbuka siku niliyopiga magoti kuomba imani kubwa, mwanangu, huku kazi niliyokabidhiwa ikiharibika nyuma yangu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Shule niliiachia darasa la tano, nikatoka kijijini kwetu Simbo kwa miguu nikitaka kujua kila kitu: injini za boti zinavyofungwa, mawese yanavyokamuliwa, hata makanisa yanavyotofautiana. Mwaka ule nilikwisha hama makanisa matatu. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoulizwa nitasaidia kazi gani. Hapo ndipo nilipoona wito wa kwenda kwingine.

Ujiji nilipokewa na Mama Furaha, mjane ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alinipa chumba cha uani, nami nikawa namsaidia kuanika dagaa ufukweni. Asubuhi moja alimpeleka mjukuu wake kliniki, akaniachia dagaa wote.

"Saa sita wageuze," alisema. "Na ukiona wingu limeficha milima ya ng'ambo, kusanya, usingoje tone. Mnunuzi anakuja kesho. Chakula chetu cha mwezi huu ni hawa."

"Sawa, Mama."

Kabla ya saa sita nikasikia spika kutoka mtaa wa Kasingirima. Mhubiri mgeni amekuja. Nilitazama ng'ambo, milima nikaiona, ingawa kileleni palikuwa na weusi kidogo. Nikajiambia nitasikiliza neno moja tu nirudi. Mwanangu, nilisikiliza mengi. Nilikuwa magotini, nalia kabisa, mvua ilipopiga bati. Watu wakashangilia kwamba baraka imeshuka. Mimi peke yangu niliinuka nikakimbia.

Nilimkuta Bi Mwajuma, jirani yetu Mwislamu, amelowa chapachapa. Alikuwa amefunika sehemu ndogo ya dagaa kwa turubai lake, na mihogo yake mwenyewe aliyoianika ilikuwa inanyeshewa.

"Mlokole umerudi?" aliniuliza. "Haya, dagaa wengine wamekwisha rudi ziwani."

Nikaenda chumbani kufunga mfuko wangu. Ndivyo nilivyozoea. Mama Furaha, karudi kliniki, akanikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nimekukosea, Mama. Naona aibu."

"Nimeuliza unakwenda wapi."

Niliukaza mfuko begani.

"Na huko ulikokuwa, ulimwomba Mungu nini?"

"Aniongezee imani."

Mkononi alishika dagaa waliolowa, wamekwisha kuwa laini. "Alianza kukuongezea asubuhi," akasema. "Alikuweka hapa, akakupa hawa. Weye ukaondoka." Kisha akaupokea mfuko wangu, akauweka chini. "Nenda kwa Bi Mwajuma, umshukuru, umsaidie mihogo yake. Kesho mitumbwi ikija, tunaanza upya."

Mwezi ule tulikula ugali kwa sombe, yale majani ya mihogo, siku baada ya siku. Hakunisema tena. Lakini kila jioni alishukuru kwa sauti ileile aliyoshukuru nayo siku za samaki, na mjukuu wake akaitikia amina. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunichoma kama shukrani ile juu ya sahani yenye majani matupu. Nikabaki. Nikageuza dagaa saa sita, jua kali, mgongo ukiuma, na humo nikajifunza kuomba.

Basi nakuambia nilichojifunza kwa hasara ya mwingine. Nenda ibadani, lakini usiifanye ibada kuwa njia ya kuikimbia kazi yako. Imani yako itakua katika mgonjwa unayemuuguza, katika neno ulilomwahidi mtu, na katika aibu unayobaki nayo bila kutoroka. Ukikosea, usifunge mfuko. Omba radhi, kesho uanze upya.

Mungu akupe miguu inayotulia na moyo unaoshukuru hata kwa sombe. Naye Bwana atakapokuja, akukute pale alipokuweka, mikono yako ikinuka dagaa. Amina.