Ganzi Isiyoisha kwa Moto

Marlys Ojala hakujua kutulia. Hata kanisani miguu yake ilitembea chini ya benchi, na katika duka la mikate alikofanya kazi, mjini Hancock, kaskazini mwa Marekani, wenzake walizoea kumwona akipangusa meza aliyoipangusa sasa hivi. Alipofanyiwa upasuaji wa tezi ya shingoni mwezi wa Januari, watu hawakuulizana kama atapona. Waliulizana atawezaje kukaa kitini.

Daktari alimweleza bila kumficha. Tezi imetoka yote, na vile vijitezi vya nyuma yake, vinavyolinda kalsiamu ya damu, vimetikiswa na kuzimia. Mpaka vizinduke, ameze vidonge vya kalsiamu pamoja na chakula, mbali na kile kidonge cha alfajiri kinachoshika nafasi ya tezi. Kutembea polepole ruhusa. Mazoezi mazito ya kumfanya aheme yangoje vipimo vya damu. Na akisikia mchonyoto midomoni au ganzi vidoleni, apige simu papo hapo.

Marlys aliitikia yote, lakini kichwani alikuwa na jambo moja tu: mbio za wanawake za kupokezana, mwezi wa Machi, ambazo yeye na wifi yake Elma walikuwa wakishiriki kwa mbao za kutelezea theluji tangu usichana wao. Elma alikwisha kumwambia kwamba akikosekana, mwalimu mmoja kijana kutoka mji jirani wa Calumet yuko tayari. Marlys alijua nafasi ya namna hiyo ikishachukuliwa hairudi.

Akaanza kutoroka. Reino, mumewe, akishaenda kazini, yeye huvaa mbao zake na kuingia msituni. Kwanza alikwenda taratibu, kisha akakazana. Mchonyoto ukaja, midomo ikawa kama inatambaliwa na sisimizi, vidole vikafa ganzi. Lakini katika ncha ile ya kaskazini ya jimbo la Michigan, ambako theluji hufunika madirisha, nani hana ganzi mwezi wa Februari? Kila anayeingia ndani anapuliza vidole. Marlys naye akavipuliza vyake, akaongeza glavu juu ya glavu. Nesi alipompigia simu kumwuliza kama anasikia lolote, alijibu kwamba ni baridi tu.

Watu wa kwao, wajukuu wa Wafini waliokuja kutoka Ufini kuchimba shaba, wamelelewa kuamini kwamba anayenyamaza na maumivu yake ndiye mtu kamili. Kunyamaza kuna heshima yake. Ila nesi haoni kupitia simu. Anategemea ukweli wa mgonjwa, na ukweli huo Marlys alimnyima.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, wanawake wa familia waliingia sauna, kibanda cha mvuke, kabla ya wanaume. Marlys na Elma walikaa benchi la juu, mawe yakifoka mvuke, jasho likiwatiririka puani.

"Wifi," Elma alisema, "walikutoa tezi au walikutoa na mapafu? Jana nimekuona msituni unahema kama ng'ombe anayezaa."

"Na bado ningekuacha nyuma."

"Kwa mdomo, ndiyo."

Marlys hakucheka. Alikuwa akisikiliza midomo yake. Masikio yalimchoma kwa joto, lakini sisimizi walikuwa palepale. Akajiambia asubiri kidogo. Akasubiri, mguu ukigonga ubao. Kisha akachukua upawa amwagie mawe maji, na mkono ukajikunja juu ya mpini, kidole gumba kikaingia ndani ya kiganja.

"Acha utani, lete huo upawa," Elma alisema.

"Mkono hauachii."

"Hauachii vipi?"

"Elma, siyo baridi. Haikuwa baridi tangu mwanzo."

Elma alimfunga taulo, akamwita Reino. Hospitalini walimtundikia dripu ya kalsiamu polepole, mashine ikiuangalia moyo. Daktari alisema kalsiamu imeshuka, na kuhema kwa nguvu huzidisha mkakamao, kisha akauliza dalili zimeanza lini. Marlys alisema yote mbele ya mumewe na wifi yake, hata uongo aliomwambia nesi. Reino alitazama sakafu. Elma alisema tu kwamba atamjulisha yule mwalimu.

Siku ya mbio Marlys alisimama kando ya njia akigawa kahawa na vipande vya mkate mtamu alioukanda mwenyewe. Mwalimu wa Calumet alikwisha kumpokeza Elma, na sauti za watu zilionyesha kwamba Elma anakuja, tena anaongoza. Hapo midomo ikaanza kuchonyota, kidogo sana.

Alitazama njia. Alitazama kibanda chenye jiko. Akaweka birika chini, akaingia ndani, akaketi karibu na moto na kuvua glavu, aone kama ni baridi tu. Nje watu walipiga kelele, wakitaja jina la Elma. Miguu yake ilitaka kutoka. Aliizuia mpaka vidole vikapata moto kabisa.

Sisimizi hawakuondoka. Marlys alitoa simu, akampigia nesi wa zamu, na akamweleza ukweli ulivyo.