Nta Nyuma ya Friji

Wazazi walipofariki niliacha shule ili niwalee wadogo zangu, nikapata kazi katika duka la maziwa baridi karibu na stesheni ya Tabora. Friji yetu ilitumia mafuta ya taa. Moto mdogo chini yake ndio ulioleta baridi, nami niliweza kuutazama mpaka nikasahau nilipo.

Mchana mmoja maziwa yakawa vuguvugu. Mama mwenye duka akapandisha utambi, friji ikazidi kupata joto.

"Hii ikifa, binti, na kazi yako imekufa."

"Shikamoo, friji," nikanong'ona. "Nihurumie."

Mama akacheka bila kutaka.

Ndipo ikaja harufu tamu, kama msitu wa Sikonge wakati wa kurina asali. Niliifuata hadi nyuma ya friji. Nta ya nyuki ya kuuza tuliyoirundika pale, tukidhani ni mahali pa baridi, ilikuwa inayeyuka taratibu ukutani. Joto lililotolewa ndani lilikosa pa kutokea.

Tukaiondoa nta, tukaivuta friji mbele, tukashusha utambi. Jioni mama akaigusa chupa ya maziwa, ilikuwa baridi.

"Kesho uwahi," akasema. "Maziwa yatakuja mengi."