Mama Tone huuliza kwanza, huchoma baadaye

Saa mbili kasoro robo asubuhi, foleni ya kliniki ya wajawazito imeshapinda kona ya jengo na kufika kwenye bomba la maji. Ndani ya chumba namba nne, mwanamke aliyevaa blauzi ya kijani anaketi kwenye stuli, ananyoosha kidole na kufumba macho.

"Fumbua macho, mwanangu, sijaanza," anaambiwa. "Kwanza tuongee."

Anayesema hivyo ni mtaalamu wa maabara mwenye umri wa miaka hamsini na saba, mfupi, koti lake jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Cheti kilichotundikwa ukutani kina majina yake yote matatu, lakini hakuna anayeyatumia. Wauguzi, wagonjwa na hata mlinzi wa getini humwita Mama Tone, kwa sababu ya lile tone moja la damu ambalo kila mjamzito wa mtaa huu huliacha mikononi mwake.

"Mtoto wako wa mwisho ana umri gani?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Bado ananyonya?"

"Usiku tu."

"Kabla ya mimba hii, siku zako zilikuwa ngapi kwa mwezi?"

Mwanamke anautazama mlango kuhakikisha umefungwa. "Saba. Mara nyingine nane."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

"Na chai?"

"Chai naipenda."

"Sikuulizi kama unaipenda, nakuuliza unaipenda saa ngapi."

"Na chakula. Bila chai chakula hakishuki."

Mama Tone anatikisa kichwa bila kuandika chochote. Kisha anasogeza kiti, anainama na kunong'ona kama mtu anayeomba umbea: "Ukiwa peke yako, unatafuna nini?"

Mwanamke anaziba mdomo kwa kiganja, anacheka. "Mchele mbichi. Umejuaje?"

Sasa ndipo anachukua kidole, anakisugua mpaka kipate joto, anachoma. Kimashine kinachotoshea kiganjani kinafikiri kidogo, kisha kinaandika kiwango cha damu: tisa nukta sita. Mjamzito katika miezi mitatu ya mwanzo anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Huyu ana wiki tisa tu.

"Damu yako imepungua, lakini umekuja mapema," Mama Tone anamwambia. "Ungekuja tumbo limeshatangulia mlangoni, tungekuwa tunakimbizana."

Kwa hesabu yake, katika kila wanawake arobaini wanaoketi kwenye stuli ile kwa mara ya kwanza, kumi na tatu au kumi na nne wako chini ya kumi na moja. Wengi hawajijui. Wanadhani uchovu ni wa mimba, kizunguzungu ni cha njaa, na mapigo ya moyo kwenda mbio ni ya ngazi.

Hakuingia katika chumba hiki kama mtaalamu. Aliingia na ndoo.

Miaka thelathini na minne iliyopita aliajiriwa kufanya usafi. Maabara wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza ya mbao iliyobabuka kwa dawa na darubini nyeusi iliyofunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala. Hapakuwa na mashine ya damu. Palikuwa na karatasi nyeupe ya kunyonya tone na kadi yenye vivuli vya rangi nyekundu, kuanzia wekundu uliokolea mpaka uliopauka.

"Tone likishakauka kidogo, unalipeleka dirishani, unalilinganisha na kadi," anasimulia, na mikono yake inafanya kazi ile hewani kana kwamba kadi bado ipo. "Jua kali halifai, taa haifai. Unataka mwanga wa asubuhi, ule mtulivu. Tulikuwa tunaomba mawingu yasije kabla ya saa sita."

Aliyekuwa akiilinda darubini ile ni fundi wa maabara waliyemwita Babu Kioo, mtu mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkuta msichana wa usafi akichungulia tone la damu kwenye darubini, ndoo mkononi na ufagio ukiwa bado kwapani.

"Alinipigia kelele mpaka nikadondosha ufagio. Nikasema basi, kazi imeota nyasi. Kisha akaniuliza, 'Umeona nini?' Nikamwambia nimeona sahani nyingi ndogo, lakini zimepauka katikati. Akavua miwani, akaniangalia. Akasema, 'Weka ndoo chini.'"

Alifundishwa kwa miaka minne, mchana akifagia na alasiri akioshwa masikio kwa mafunzo na makaripio, kama anavyosema mwenyewe. Baadaye kliniki ikampeleka chuoni. Aliporudi na cheti, Babu Kioo hakumpongeza. Alimsogezea kiti karibu na dirisha, basi.

Anakikumbuka chumba kile kwa harufu. Spiriti, sabuni ya mche, na vioo vilivyotoka kuchemshwa. Anakumbuka benchi la nje ambako wajawazito walikaa wakisukana nywele huku wakisubiri majibu, na kicheko chao kilivyokuwa kikiingia dirishani.

"Siku hizi kila mtu na simu yake, benchi limenyamaza," anasema. "Zamani nilikuwa najua nani kagombana na mama mkwe kabla sijaona damu yake."

Katika miaka ile alipima haraka, na alijivunia hilo. Vidole hamsini kabla ya saa tano. Hakuwa akiuliza swali lolote.

Mpaka ilipofika damu ya mdogo wake.

Mdogo wake ni msusi. Saluni yake iko mitaa miwili kutoka kliniki, chumba chenye kioo kirefu na viti vitatu vya plastiki. Leo ana miaka hamsini na mbili, mnene, mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani, na anaisimulia habari hiyo bila kuacha kusuka.

"Nilikuwa na watoto wawili waliofuatana kama ngazi," anasema. "Wa pili hajafikisha hata mwaka, nikashika mimba nyingine. Nasimama hapa kutwa nzima. Asubuhi chai, mchana chai na mkate, jioni nimechoka, chai. Kichefuchefu kikiniachia, natafuna mchele. Dada anakuja, ananiona natafuna, ananicheka. 'We kuku?' Ndivyo alivyokuwa ananiambia. 'We kuku, au mtu?'"

Siku moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Anakumbuka kitana kikimtoka mkononi. Hakumbuki sakafu.

Mteja yule, mwanamke mwenye mwili wa kutosha anayeuza vitambaa sokoni, alimbeba mgongoni mitaa miwili. Watu walisimama kutazama, maana upande mmoja wa kichwa cha mteja huyo ulikuwa na misuko iliyonyooka, na upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama kama zimeona jini.

Ndani ya maabara, Mama Tone hakujua lolote. Muuguzi alimpitishia karatasi kwenye kidirisha, ikiwa na tone na namba tu. Aliipeleka kwenye mwanga. Akashusha macho kwenye kadi, kivuli kimoja, kivuli cha pili, mpaka cha mwisho chini.

"Ilikuwa kama maji ya kusuuzia kitenge kipya," anasema. "Nikamuuliza muuguzi, 'Huyu nani, mbona damu yake haina rangi? Ndugu zake wako wapi, hawana macho?' Muuguzi akainamia daftari lake. Nikauliza tena. Akaniambia, 'Dada, huyo ni mdogo wako.'"

Nje, muuguzi anaita namba kumi na saba.

"Ndugu zake ndio mimi," anasema baadaye. "Nilikula naye Jumapili. Nilimwona anapanda ngazi huku ameshika ukuta, nikamtania kwamba amezeeka kabla yangu."

Gari la kliniki liliwapeleka hospitali kubwa. Huko mashine ilisoma tano nukta nne. Ujauzito ulikuwa wa wiki kumi. Daktari alisema anahitaji kuongezewa damu siku ileile, kwa sababu moyo ulikuwa umeanza kuelemewa. Mama Tone alikunja mkono wa gauni kabla hajamaliza kusikia, lakini kundi lake la damu halikukubaliana na la mdogo wake. Mume wa mdogo wake alikuwa safarini.

"Nimepima damu za watu maelfu, na yangu haikumfaa mtu mmoja niliyemhitaji," anasema.

Aliyefaa alikuwa yule mteja. Alilala kwenye kitanda cha kutolea damu na nusu ya kichwa chake, akamwambia muuguzi aharakishe kidogo kwa kuwa hawezi kurudi sokoni hivyo. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Nusu Kichwa, naye huitika. Siku mbili baadaye alirudi wodini na kitana.

"Aliketi kitandani kwangu akasema, 'Haya, nimekupa damu, nimalizie kichwa changu,'" msusi anasema, na hapo kitana kinasimama hewani kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia. "Nilisuka nimeegemea mto, lakini nilimaliza. Ilikuwa misuko mibaya kuliko yote niliyowahi kusuka. Aliivaa wiki tatu."

Mimba ilishika. Msichana alizaliwa katika mwezi wa nane wa ujauzito, mdogo, kilo mbili kasorobo, na kwa wiki nzima alilala kifuani kwa mama yake akifunikwa na khanga mbili. Leo anasomea ufundi umeme na ndiye aliyefunga taa mpya za saluni. Baada yake mama yake alipumzika miaka sita bila mimba.

Waliporudi kutoka hospitali, Babu Kioo alimwita Mama Tone dirishani. Alitarajia pole.

"Hakunipa pole. Aliniambia, 'Unajua kuangalia kidole. Lini utajifunza kumwangalia mwenye kidole?' Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikaanza kuuliza."

Babu Kioo alishatangulia mbele ya haki, mwaka ambao kliniki ilipata mashine yake ya kwanza. Kadi ya rangi ikatupwa, dirisha likazibwa nusu kwa kabati la dawa. Mama Tone haikatai mashine. Anasema kadi ilikuwa ikidanganya siku za mawingu. Anachokosa ni ile dakika ya kusubiri tone likauke, ambamo watu wawili hawakuwa na la kufanya ila kutazamana.

Maswali yake hayapo kwenye fomu yoyote. Kila moja lina sababu, na hulieleza kwa anayetaka kusikia. Mimba zilizokaribiana humkuta mama bado hajarudishiwa alichotoa. Hedhi nzito humwaga akiba kila mwezi miaka kabla ya ujauzito. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, ndiyo maana haikatazi bali huisogeza saa moja mbele au nyuma. Wasichana wa miaka kumi na saba huwaketisha muda mrefu zaidi, kwa kuwa miili yao yenyewe bado inajijenga. Kutafuna udongo au mchele mbichi mara nyingi ni mwili unaolia, na haoni sababu ya kumwaibisha anayelia.

Huuliza pia kama mtu anatembea peku kwenye matope, maana minyoo hunyonya polepole. Dawa yake husubiri miezi mitatu ya kwanza ipite. Na huuliza nani anakula kwanza nyumbani.

"Swali hilo ndilo linalowaliza," anasema. "Dagaa wamepikwa, maharage yamepikwa. Yeye amepika. Akija kukaa, kimebaki mchuzi."

Kuna wanaokuja na imani kwamba soda nyekundu huongeza damu. Huwajibu kwa upole uleule: "Wekundu si damu, mwanangu. Ingekuwa hivyo, tungekunywa rangi ya kucha."

Saa saba foleni inaisha. Mwanamke wa blauzi ya kijani anapita tena na vidonge vyake vya madini ya chuma mkononi, anauliza kama vitampa kichefuchefu. Anaambiwa avimeze na chungwa, mbali na chai, na arudi baada ya wiki nne hata kama anajisikia mzima. Kinyesi kitakuwa cheusi, asitishike. Anaondoka akirudia maneno hayo chini chini, asije akayasahau njiani.

Mama Tone anavua glavu. Amebakiza miaka mitatu kazini, na anasema kinachomsumbua si kustaafu, bali kwamba siku zote amekuwa akiwapata wanawake wakiwa wamechelewa kidogo. Hata anayekuja wiki ya sita ameshaanza safari na kibuyu nusu.

Ndiyo maana, kuanzia mwezi ujao, Jumamosi mbili kila mwezi atakaa mahali pengine kabisa: katika duka la fundi wa magauni ya harusi, ng'ambo ya barabara. Mganga mkuu wa kliniki amemruhusu kubeba kimashine. Fundi, mama wa makamo mwenye futi shingoni, amemtengea kona nyuma ya pazia la kujaribia nguo, stuli mbili na meza ya kukunja.

Wazo lilimjia alipompeleka binti wa jirani kushonewa gauni, akakaa pembeni akitazama.

"Walimpima mabega, kifua, kiuno, urefu mpaka kisigino," anasema. "Fundi anataja, msaidizi anaandika. Nikawaza, huyu binti mwakani atakuwa kwenye stuli yangu, na hapa wamempima kila kitu isipokuwa damu."

Anacheka, kisha anaongeza kwamba mabwana harusi nao wataingizwa nyuma ya pazia. Hatawachoma kidole. Anataka tu kuwauliza nani atakula kwanza.