Kibao Shingoni, Mpira Mkononi

"Hiyo ni mchezo, Mama Bravin! Mchezo! Darasa la nne yote unairushia majani ya ndizi, halafu unaita hiyo somo?"

Ni wakati wa chai. Chrispinus Shikanga amesimama katikati ya chumba cha walimu, kikombe mkononi, sauti imempanda. Anayefokewa ni Selpher Naliaka, mama wa watoto wawili, aliyekaa karibu na mlango akikuna tope la viatuni kwa kijiti.

"Umemaliza?" anauliza Selpher. "Basi kunywa, chai inapoa."

Walimu wanacheka. Chrispinus haketi.

Wote wawili wanasomea ualimu katika chuo kimoja mjini Kakamega. Muhula huu wa pili wa mwaka 1998 wametumwa kwenye shule ya msingi nje kidogo ya Butere kujizoeza kufundisha. Baada ya chai, mkufunzi wao atakuja kumkagua Selpher akifundisha Kiswahili. Akianguka, atarudia mwaka.

"Mume wangu ni mkata miwa," anasema. "Kiwanda kikisimama, na sufuria yetu inasimama. Sina mwaka wa kurudia mimi."

Ndiyo maana mambo ya asubuhi yanamuuma. Alileta mpira aliousuka mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba. Anayeudaka anasema sentensi moja kuhusu nyumbani kwao, kisha anamrushia mwenzake. Lakini mchezo ulikufa. Watoto waliudaka, wakaukumbatia, wakanyamaza. Mmoja aliuachia chini kama aliyeshika kaa la moto. Chrispinus, akiwa nyuma ya darasa, aliyaona yote.

"Mchezo ni ya watoto wa nasari," anasema sasa. "Ngoja kompyuta zifike mashuleni. Hapo ndio lugha itafundishwa."

Kompyuta anayoisema ni ile moja ya chuoni, zawadi ya wageni, inayokaa chini ya kitambaa cha kufuma katika chumba cha kufuli. Wanachuo waliingizwa kwa mstari, kila mmoja akabonyeza herufi moja, akatolewa nje. Chrispinus alibonyeza C. Tangu siku hiyo amekuwa mtaalamu.

"Mimi nilibonyeza S, na niliipenda," anasema Selpher. "Siikatai. Ikija, nitakuwa wa kwanza kuikalia. Lakini mtoto anayeogopa mpira wa majani, hiyo kompyuta yako atajificha chini ya meza."

"Anaogopa nini? Mpira inauma?"

Kengele inalia kabla hajajibu. Selpher anachukua mpira wake na kutoka. Nje, chini ya dirisha, amesimama Muhonja, msichana wa darasa la nne, kibao cha mti kikimning'inia shingoni kwa kamba ya katani.

Shule nyingi za huku zina kibao hicho. Atakayetamka neno la lugha ya mama anavikwa. Anatembea nacho mpaka amnase mwenzake akikosea, amvike yeye. Jioni, aliye nacho anachapwa. Hivyo ndivyo tunavyofundisha watoto wetu lugha: tunawafanya wapelelezi wa wenzao, kisha tunashangaa kwa nini ni mabubu.

"Muhonja, asubuhi uliudaka mpira. Mbona hukusema kitu?"

Mtoto anatazama chini. "Nilitaka kusema tuko na ingokho, mwalimu. Sijui ile ingine vile inaitwanga."

"Kuku."

"Ningesema ingokho, kibao ingebaki na mimi. Jana pia nilichapwa."

Selpher anaanza kuelewa. Kwa hiyo si mpira uliokuwa mzito. Kila mtoto aliyeudaka alipima neno lake, akaona heri afunge mdomo.

Anarudi chumba cha walimu kwa hatua ndefu. "Mwalimu mkuu, kile kibao cha shingoni kinaniharibia somo. Naomba kiondolewe leo."

Bwana Elkanah, mwalimu mkuu, anatabasamu. "Madam, hata mimi nilivaanga hiyo. Si niko hapa?"

"Uko hapa, Mwalimu. Na mpaka leo kabla ya kusema Kiswahili unaangalianga nyuma."

Bwana Elkanah anaweka kikombe chake mezani.

"Madam Selpher," anasema mwalimu mkuu polepole, "wewe ni mgeni. Mkufunzi wako atasikia kutoka kwangu."

"Mama Bravin, wacha," Chrispinus ananong'ona. Hasira imemtoka. "Fundisha kwa chaki kama sisi, upite, uende."

"Nipite niende wapi? Kwa shule ingine yenye kibao?"

Pikipiki ya mkufunzi inanguruma langoni. Selpher anatoka, anamvua Muhonja kibao, anavuka kiwanja mpaka jikoni kwa mpishi, ambako maharagwe ya walimu yanachemka. Anakisukuma kati ya kuni. Kamba inashika moto kwanza.

"Madam!" mwalimu mkuu anaita kutoka mlangoni.

Selpher hageuki. "Ninachotaka ni darasa langu mwenyewe," anamwambia mpishi huku akijipangusa majivu, "lenye kelele."

Darasani, mkufunzi anavuta kiti nyuma, Chrispinus kando yake. Selpher anaurusha mpira. Muhonja anaudaka, mkono wake unapapasa shingo, haukuti kitu.

"Nyumbani," anasema, "tuko na ingokho tano."

"Kuku," anasema Selpher.

"Tuko na kuku tano!" Anaurusha mpira kwa nguvu, na mikono inainuka kuudaka.