Yaya Benoît na Sanduku ya Mafuta

Benoît Mukalay, mutoto wa Ngeleka mwenye kubeba reli ku bega pale Tenke, mujukuu wa Mbuyu aliyetoka Musumba kwa miguu na mimba ndani: njo yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja. Jamaa yetu haina batu ba kukaa bure. Ku ujana yeye alisukuma makala ku kinga, baiskeli yake ile nzito, toka kijiji yetu mpaka Kolwezi. Muzigo ilikuwa inamufunika, watu wanaona magunia tu inatembea. Alipokuwa katekista, akaanza kubeba mafuta takatifu.

Niseme vizuri kwa bale hawajui. Kila mwaka, mbele ya Pasaka, askofu anabarikia mafuta ku Kolwezi, na kila parokia inatuma mutu kuchukua yake. Kwetu, upande wa Kisenge, barabara ni matope, na ule mutu alikuwaka Benoît. Desturi yetu ni moja: ile sanduku ya mafuta haigusake chini mpaka ku altare. Mwenye kuibeba akikaa, iko ku magoti. Akilala, iko ku kifua.

Alifanya vile mpaka meno ikamuishia. Mwaka huu padri akamuambia: «Tata Benoît, uko na miaka makumi saba na sita. Dimitri ataenda na moto yake.» Dimitri ni kijana wa kubeba batu ku pikipiki. Bote walizania yaya atakasirika. Mi nilimuona: alikaa ku kiti, akanyoosha miguu.

«Aksanti Mungu,» akasema. «Hata ile mafuta ilikuwa imechoka na mi.»

Ijumaa Kuu, simu ikalia. Dimitri. Maji imebeba daraja, yeye eko ngambo ingine na sanduku, na kuogelea hajui.

Nani mwingine wa kwenda? Vijana wetu bako ku mashimo ya Kolwezi, banachimba. Huku tunabakia bazee, bamama na mbuzi. Na Jumamosi magaribi, batu Benoît aliofundisha miaka mbili walipashwa kubatizwa. Mafuta ya mwaka jana iliisha, na kwetu bila mafuta hakuna kubatiza. Kati yao kulikuwa Mama Kalenga, mugonjwa wa kifua. Ule, kumuambia angojee Pasaka ingine, ni sawa kumuambia hapana.

Benoît akaita binti yake mwenye kunyonyesha mutoto: «Adèle, lete kinga.»

«Papa, na magoti yako?»

«Nitaenda nayo. Niiachie nani?»

Alilala njiani, akafika ku mto asubui. Maji nyekundu, inasukuma miti. Ngambo ile, Dimitri amekaa ku jiwe, sanduku ku magoti, macho imevimba. Yaya akavua shati, akaingia. Maji ikamubeba, ikamutupa ku ngambo ya Dimitri, mbali kule chini; akatembea mpaka kwake, anakohoa.

«Mbona uko hivi, mutoto?»

«Tata, toka jana sijaiweka. Mikono imekufa. Hata kukojoa, nilikojoa nayo.»

«Na huu muti nyuma yako? Hungeitundika?»

«Ulisema isiguse chini. Ya muti hukusema.»

Benoît alicheka mpaka akakaa. Kisha akafunga sanduku ku kichwa na kitambaa, akarudi mu maji. Katikati, muti ukamupiga ku bega. Aliniambia pale alitaka kuachilia; si sanduku, mwili tu, uende na maji, upumuzike. Dimitri akalia toka ngambo: «Tata! Umefika?»

«Nyamaza! Ningali ninafika!»

Akashika majani, akajivuta.

Kurudi, kinga aliisukuma kuliko kuipanda. Jua ilikuwa inaingia, shi bote tuko nje ya kanisa, moto ya Pasaka imewashwa. Tulimuona anakuja pole pole, matope mpaka ku nyusi. Hakuna aliyepiga kelele. Padri akanyoosha mikono. Yaya akamupita, akaweka sanduku ku altare yeye mwenyewe, akakaa chini palepale. Mama Kalenga alibatizwa wa kwanza. Alitoka na jina Marie.

Kesho yake Benoît hakusimama. Mpaka leo anatoka ku kitanda kufika ku mulango, basi.

Maji iliposhuka, Dimitri akakuja na mukate, akapiga magoti. «Pardon, tata. Mwaka kesho mutume mutu mwingine.»

«Mwingine ni nani? Uliishika muchana na usiku. Mafuta ni yako sasa. Lakini mvua isirudie bila wewe kujua kuogelea. Adèle atakufundisha, mi nilimufundisha.»

Dimitri akaangalia Adèle, akaangalia chini. «Tata, mwanamuke anifundishe?»

«Ao unapenda mamba ikufundishe? Toa ile viatu, mwende ku mto.»