Kikuku cha Migombani kwa Mama

Mimi ni fundi saa mjini Lushoto. Naunga pia cheni na hereni zilizokatika, na kwa sababu hiyo watu wa huku milimani wameamua kwamba nakijua kila chuma kilichowahi kuangukia udongoni. Wananiletea vifungo, bizimu za mikanda, misumari iliyoliwa na kutu. Wote wanataka jibu moja tu: ni mali ya Mjerumani, aliyoifukia alipokimbia vita. Na wote, bila kukosa, wanakuwa wameshakisugua kitu kwa majivu na limau hadi king'ae, alama zote ambazo zingenisaidia zimekwenda na maji. Nimesema mpaka nimechoka. Msisugue! Wanasugua.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenimaliza kabisa. Alinipigia simu nipande kijijini kwetu Lukozi haraka. Nilimkuta katikati ya migomba ya mama, ameng'oa mashina kadhaa, shimo linamfika kiunoni. Mama alikuwa amekaa mlangoni, uso umemkunjamana. Alikuwa amemkataza tangu asubuhi bila kusema sababu, basi kaka akaona ni ukaidi wa uzee.

"Marahaba, marahaba," kaka alinijibu hata kabla sijamaliza kumwamkia. "Ona hii. Pete ya sanduku la hazina."

Imesuguliwa, bila shaka.

"Hii ni shaba, kaka. Nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono. Ni kikuku cha mtoto mchanga."

"Kwani Wajerumani hawakuwa na watoto?"

Nilitamani nitupe kile kikuku nirudi zangu mjini. Nikamweleza kwamba vikuku kama hivi walivalishwa watoto wa hapa hapa, vikitoka kwa mganga, wasidhurike. Alicheka. Kwa mganga, nyumba hii, na baba alikuwa mzee wa kanisa? Akainua jembe tena.

"Acha," mama alisema.

Alikuwa amefika nyuma yangu. Alinyoosha mkono, nikampa kikuku, akakifunga ndani ya kiganja.

"Kabla yako nilizaa msichana," alimwambia kaka. "Aliugua. Nilimpeleka kwa mganga kwa siri, baba yenu asijue. Mwezi hakuumaliza. Wanawake wenzangu walinisaidia kumzika hapa, kama walivyozikwa watoto wachanga."

Kaka alikuwa bado amesimama ndani ya shimo. Aliangalia miguu yake, kisha akaninyooshea mkono nimvute, taratibu, asikanyage zaidi.