Majibu ya chemsha bongo yalinifikia Gitega kabla ya maswali

Kwa miezi mitatu nilijua majibu ya chemsha bongo ya gazeti kabla sijaona swali hata moja.

Kisha siku moja nikajibu haraka mno, na mtu pekee aliye hai aliyeshuhudia baba yangu akinunua shamba akaweka penseli chini.

Wakuu, salaam kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo ndiyo nafungua uzi wangu wa kwanza. Haya yamenikuta mwenyewe, na pale nilipokosea sitapapaka rangi. Mods wakiona nimekosea jukwaa, wausogeze uzi.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi. Nilirudi nikiwa mtu mzima. Naishi Gitega, natengeneza redio na simu.

Baba alifia kambini. Kabla ya kukimbia alikuwa amenunua shamba Buraza, mwendo si mrefu kutoka hapa mjini. Niliporudi nikakuta jirani analilima. Si mtu mbaya. Aliambiwa na wazazi wake kwamba baba alikuwa amekodi tu, naye ameamini hivyo maisha yake yote. Mimi karatasi sina.

Zamani kwetu shamba likiuzwa, mashahidi walikunywa bia pamoja palepale, na huo ndio ulikuwa mkataba. Mashahidi wa baba walikuwa watano. Wanne wameshafariki.

Wa tano ni Mzee Idi, fundi cherehani. Enzi hizo alikuwa akipeleka cherehani yake Buraza kila siku ya soko. Ni Mwislamu, bia hanywi, kwa hiyo siku ile walimnunulia fanta. Kwetu fanta ni soda yoyote. Hadi leo watu wazima wa Buraza wakimtaja wanasema yule fundi wa fanta. Neno lake kule lina uzito.

Nikamfuata dukani kwake, mtaa wa nyuma ya soko la Gitega. Nikamweleza mimi ni mtoto wa nani na wazee wa kilima, kama mnavyosema wazee wa kijiji, wanataka shahidi. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha.

"Baba yako mi nilimujua," akasema. "We sikujui. Siwezi kusimama mbele ya watu niseme huyu iko mutu wa kweli, na sikujui."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Ukae. Kila siku saa kumi tunajaza gazeti. Ukae, tutajuana."

Ndivyo nilivyoingia kwenye chemsha bongo.

Niwaeleze lile baraza lilivyo. Mzee Idi anakaa kwenye cherehani, gazeti liko juu ya meza yake, miwani imefungwa kwa uzi mweusi. Pembeni anakaa Papa Bahati, Mkongo wa Uvira anayeuza vitenge duka la jirani, mlokole asiyekosa ibada na asiyekosa utani. Mimi nikawa wa tatu. Gazeti ni la Kiswahili kutoka Tanzania.

Mzee hamwonyeshi mtu ule mraba wa visanduku vya herufi. Anasoma swali, anataja idadi ya visanduku, anangoja.

Na ana sheria moja. Jibu haliandikwi mpaka aliyelisema aeleze neno lenyewe alilitoa wapi.

Siku ya kwanza liliulizwa jina la kifaa cha fundi wa mbao cha kulainishia ubao, visanduku vitano. Papa Bahati akasema randa.

"Ulitoa wapi?"

"Kwa mjomba wangu, Uvira. Alinipiga nayo hapa." Akaonyesha bega. "Si na ile upande ya kukata. Ile ya mti. Quand même, hata hivyo, alikuwa mukristo."

Mzee akaandika. Nikaona kwamba kwake kujaza mraba ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kumsikiliza mtu.

Mara nyingine alikuwa akiandika jibu yeye mwenyewe na kusema tu, "Hii iko ya Mwajuma." Sikujua Mwajuma ni nani, na sikuuliza. Kumbukeni jina hilo.

Wiki ya kwanza sikupata hata neno moja. Mnielewe, wakuu. Hapa Gitega mimi ndiye wanayemwita Mtanzania. Watu huniletea barua za Kiswahili niwanyooshee. Halafu nakaa mbele ya fundi cherehani na muuza vitenge, wanajaza, mimi nakodoa macho.

"Huyu walimudanganya Tanzania," Papa Bahati akasema siku ya sita. "Walimupa Kiswahili ya kuombea maji."

Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka. Niliona shamba la baba linaondoka kwa sababu ya visanduku.

Hapo ndipo nikamkumbuka shemeji Shabani, mume wa dada yangu. Anabadilisha fedha Kobero, mpakani, ng'ambo ya Kabanga. Madereva wa malori humwachia magazeti.

Angalieni safari ya lile gazeti. Linafika Kobero siku yake, jioni. Linaenda Muyinga mjini, linangoja gari la kuja huku. Kwetu Gitega linaingia baada ya siku mbili. Lakini majibu ya leo huchapwa kwenye gazeti la kesho, na la kesho Shabani analo kesho jioni, wakati la leo bado liko njiani kuja kwetu.

Kwa hiyo akawa ananitumia picha ya majibu kwenye simu. Mimi nayakariri. Kesho yake saa kumi naenda kukaa.

Sikuyasema yote. Nilichagua matatu manne kwa siku, nikajifanya nafikiri, nikakuna kidevu.

Tatizo likawa ile sheria ya mzee. Kila neno lilidai mahali lilikotoka. Nikaanza kutunga.

Chelezo, yaani boya, nikasema nilifundishwa na mvuvi wa Kigoma aliyekuwa akituletea dagaa kambini. Mvuvi huyo hakuwahi kuwepo. Bawaba, nikasema baba alikata bawaba za mlango wetu kambini kutoka kwenye ndala kuukuu. Hiyo ilikuwa kweli, ila neno lenyewe lilikuwa limetoka kwa Shabani kama mengine.

Kisha ikaja chuma kirefu cha kuchimbulia mawe, visanduku saba.

Nikasema mtaimbo. Mzee akauliza nimelitoa wapi. Nikaona hapa ndipo pa kulisaidia shauri langu. Nikasema baba alinisimulia kwamba alipolinunua shamba la Buraza alichimba kwa mtaimbo akasimika jiwe kwenye mpaka.

Mzee Idi alinitazama kitambo. Akaandika mtaimbo.

Nami nikarudi nyumbani nimefurahi.

Papa Bahati alishaanza kunisifu. "Kichwa ya petit iko na moteur," alikuwa akiwaambia wateja wake, yaani kijana ana injini kichwani. Mzee akawa ananiagizia chai. Tarehe ya kikao cha wazee kule Buraza ikapangwa, na siku moja mzee aliniuliza gari la kwenda huko linaondokea wapi. Mambo yalikuwa yananyooka.

Mpaka siku ile.

Jana yake jioni Shabani alikuwa ametuma picha kama kawaida. Nikakariri orodha yangu. Saa kumi nikakaa. Mzee akaweka kidole kwenye gazeti.

"Kumi na ine, kwenda kulia. Makao makuu ya Burundi."

"Bujumbura," nikasema.

Papa Bahati alikuwa wa kwanza kucheka. "Petit, umekaa juu ya capitale, unaitafuta mbali kilomita mia?"

Mzee hakucheka. Alinitazama juu ya miwani.

"Sijasema visanduku ngapi."

Nikakumbuka kwamba kwa miezi mitatu hakuwahi kusahau kutaja visanduku.

"Mutu yeyote wa Gitega," akasema polepole, "hata mutoto wa shule ya primaire, ukimuuliza hii atasema Gitega. Halafu atauliza iko visanduku ngapi. Halafu atakasirika, kwa sababu iko tisa. Hawa wa gazeti wanaandika capitale ya zamani. We hukuuliza. Hukukasirika." Akaweka penseli juu ya meza. "Bujumbura, ulitoa wapi?"

Kwa kila neno nilikuwa nimeandaa hadithi. Kwa hilo sikuandaa, kwa sababu halikuonekana kama linahitaji.

"Na ile jiwe ya baba yako?" akaendelea. "Pale hakukuwa jiwe. Tulipanda miyenzi, ile miti ya ua, mustari moja mpaka kwa mto. Kamba nilishika mi."

Papa Bahati alisimama akaenda kupanga vitenge vyake, ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nilitaka kusema. Mzee akainua mkono, taratibu tu. "Bon. Leo tumemaliza."

Visanduku tisa vikabaki vyeupe.

Sasa wakuu, fikirieni nafasi niliyojiweka. Mtu anayedai shamba amedanganya kuhusu mpaka wa shamba hilohilo, mbele ya shahidi wake mwenyewe. Angekuwa shahidi wenu, mngempeleka?

Siku mbili sikwenda. Siku ya tatu Papa Bahati akanipitia kibandani kwangu. Akaniambia Mwajuma ni dada yake Mzee Idi, ana duka Muyinga mjini mkabala na maegesho ya mabasi, na ndiye anayeyapokea magazeti kutoka Kobero na kuyapakia kuja huku. "Ukikosana na simba, unapita kwa dada yake," akasema. "Kwetu tunafanya hivyo."

Nikapanda gari la asubuhi kupitia Karuzi. Saa tano nilikuwa Muyinga.

Bi Mwajuma nilimkuta anachagua maharagwe yaliyoletwa na wakulima wa Mwakiro, ungo mapajani. Aliolewa Bukoba miaka mingi kabla ya kurudi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kuchagua maharagwe naye. Nikamsimulia yote. Hakunikatiza.

"Majibu yalikuwa yanatoka kwa nani?" akauliza.

"Kwa shemeji yangu, Kobero."

"Na wewe ulimwambia Idi yametoka wapi?"

"Kwa mvuvi. Kwa baba."

Akapeta maharagwe kwa ungo wake. "Mwanangu, unajua kwamba Idi hunipigia simu kila gazeti likifika? Ananisomea yanayomshinda, mimi namjibu. Gazeti lenyewe linalala hapa dukani, nimeshalisoma kabla hajaliona. Halafu kule anasemaje?"

Nikajibu, "Anasema hii iko ya Mwajuma."

"Basi. Nawe ungesema hili ni la shemeji yangu wa Kobero. Angeliandika. Angecheka, lakini angeliandika."

Miezi mitatu nimeketi pale, sheria nimeisikia kila siku, na mzee mwenyewe alikuwa akinionyesha jinsi ya kuifuata.

Nikamwomba anisaidie kusema na kaka yake. Akakataa bila ukali. "Nikimsemesha mimi, atakuwa amekujua kwa mdomo wangu. Yeye alitaka akujue wewe." Akanipa gazeti lililokuwa tayari kupakiwa. "Hili lipeleke mwenyewe."

Nililishika mkononi hadi Gitega, sikulifungua.

Mzee Idi alilipokea. Sikuongea juu ya shamba. Nikasema naomba magazeti ya nyuma. Huwa anakata ile miraba na kuihifadhi kwenye kopo la nyuzi. Akalitoa.

Tukapitia mmoja mmoja. Kila penye neno langu nikasema, "Shemeji, Kobero." Yeye akaandika K ndogo pembeni. Papa Bahati alisogeza kiti chake karibu, na baada ya K ya ishirini hivi akasema, "Basi donc huyu shemeji ndiye tungemualika chai." Mzee alivuta pumzi kama mtu anayezuia kicheko.

Kwenye chelezo nikasema mvuvi sikuwahi kumjua. Kwenye mtaimbo nikasema baba hakunisimulia jiwe lolote, nililiweka mimi.

Tukafika kwenye bawaba.

"Neno hili pia ni la shemeji," nikasema. "Ila zile ndala ni kweli, mzee. Mlango wetu wa kambini ulikuwa hivyo."

Akaandika K.

"Hata Buraza alifanya hivyo," akasema. "Mulango wa stoo. Nilimucheka."

Pembeni ya K akaandika jina la baba, Silivesta, kwa herufi ndogo sana.

Nilichojifunza, wakuu. Kuomba msaada hakukuwa kosa. Baraza zima lile lilisimama kwa msaada: wa mjomba mwenye randa, wa dada aliye Muyinga. Mimi nilikuwa na msaada uleule, nikauficha. Na uongo unaoanza kwenye visanduku vya gazeti haukai hapo. Wangu ulitembea mpaka kwenye mpaka wa shamba la marehemu.

Wenye uzoefu wa mashauri ya ardhi kwa watu waliorudi, naomba mawazo yenu. Je, niende kwenye kikao peke yangu na niseme mwenyewe kwamba hakuna jiwe, kuna miyenzi? Au niombe kisogezwe mbele? Na wanaojaza chemsha bongo, nanyi semeni mnasaidiwa na nani.

Kikao ni Alhamisi hii. Mzee Idi hajasema atakuja, wala hajasema hatakuja. Ule mraba wenye visanduku tisa vyeupe ameubandika ukutani juu ya cherehani.

Jana, tukiwa katikati ya swali la samaki wa mto, aliuliza bila kuinua macho kama Buraza siku hizi wanauza fanta.

Nikamwambia sijui.